Kwa nini mji wa Cairo, Marekani, umepungukiwa na watu?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Dar es Salaam nyumba zinaongezeka kila mwaka, hata Chanika na Bunju kumejaa. Nasikia Marekani kuna miji midogo inayohamwa na wakazi wake. Inawezekanaje katika nchi tajiri namna ile? – Msomaji, Temeke.

JIBU: Ndugu msomaji, mfano ulio wazi ni Cairo katika jimbo la Illinois, mji uliojengwa pale mto Ohio unapoungana na Mississippi. Sensa ya mwaka 1920 ilihesabu wakazi 15,203. Ile ya 2020 ilikuta 1,733 tu. Riziki ya mji huo ilitegemea meli za mtoni, vivuko na reli, hivyo madaraja yalipojengwa na barabara kuu kupita pembeni, wasafiri hawakuwa tena na sababu ya kusimama.

Uchumi peke yake, hata hivyo, hautoshi kueleza anguko hilo. Ubaguzi wa rangi uliutafuna mji kama mchwa: bwawa la kuogelea lilifungwa ili Weusi wasiogelee pamoja na Wazungu, na kuanzia 1969 wakazi Weusi waligomea maduka ya Wazungu yaliyokataa kuwaajiri, ambayo mengi yalichagua kufunga milango kuliko kubadilika. Hospitali nayo ilifungwa mwaka 1986. Mtu asiye na hospitali, duka wala ajira huhama, na kila anayehama hupunguza kodi inayogharamia huduma za wanaobaki, ambao leo wengi wao ni Weusi wenye kipato kidogo.