Tairi la theluji kwenye tope la Kasulu

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Ujiji, na karibu kila Ijumaa napanda Kasulu kwa wazazi. Gari langu ni Vitz ya 2008 yenye injini ya lita moja. Matairi yake, 165/70R14, yamebaki kipara. Pale Mwanga, hapa Kigoma, kuna muuzaji wa mtumba amenionyesha matairi manne ya 185/55R15 yakiwa kwenye rimu za spoti. Yameandikwa STUDLESS na M+S. Anasema ni ya theluji kutoka Japani, M ni matope, na tairi linalopita kwenye theluji haliwezi kushindwa na masika yetu. Picha nimekutumia. Nichukue?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Acha. Ungekuwa umeniuliza ukiwa Sapporo, kwenye theluji ya Japani kaskazini, na matairi yakiwa mapya, ningekwambia uchukue, tena ungekuwa umebahatika. Kwa safari ya Ujiji na Kasulu utakuwa umenunua vitu viwili visivyokufaa kwa mkupuo mmoja: tairi na rimu.

Muuzaji wako hakudanganya, amekuambia nusu tu. M ni matope na S ni theluji, kweli. Ila alama hiyo kiwanda hujiwekea chenyewe kwa kutazama mchoro wa kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, hakuna anayelipeleka tairi kwenye tope kulipima. Alama inayopatikana kwa kupimwa ni ile ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Hata hiyo hupimwa kwenye theluji, si kwenye udongo mwekundu wa Buha.

Neno la kuliangalia ni STUDLESS, yaani tairi lisilo na njumu. Zamani Wajapani wa kaskazini walitumia matairi yenye vipini vya chuma, kama njumu za mpira wa miguu, ili yang'ang'anie barafu. Vipini hivyo vikawa vinakwangua lami na kujaza miji vumbi, mpaka mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuvizuia. Viwanda vikawa vimeshaanza kutafuta mpira wa kushika barafu bila chuma. Blizzak ya Bridgestone, ambayo utaikuta sana kwenye mitumba, ilitoka 1988. Siri yake ni mpira uliochanganywa ubaki laini kwenye baridi ambayo tairi la kawaida hukakamaa, na kashata zilizochanjwa chale nyembamba mno, mamia kwa mamia, za kuuma barafu.

Ulaini huo ndio unaokuponza huku. Mpira wa namna hiyo unafanya kazi yake vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 7 hivi. Kigoma huzioni nyuzi 7 hata usiku wa Julai, wala sisi wa Tabora tunaojifunika mablanketi mwezi huo hatuzioni. Lami ya saa nane mchana kati ya Kaliua na Urambo mwezi wa Oktoba hufika nyuzi 50 na kuzidi. Hapo kashata laini yenye chale inayumba kama ndala iliyolegea: ukikanyaga breki inalala kwanza ndipo ishike, ukikata kona unahisi gari linaogelea. Kwenye lami iliyolowa ni vilevile. Watu wengi hudhani tairi la theluji lazima lishike maji vizuri, kumbe kwenye lami yenye mvua ya joto linachelewa kusimama kuliko tairi la kawaida lenye mifereji mizima. Na linalika upesi. Gari langu la kwanza lilishuka bandarini Dar es Salaam likiwa na matairi hayo, nikalileta Tabora nikijisifu kwamba nimepata matairi mazima. Sikumaliza nayo mwaka.

Kuna jambo la pili kwenye picha zako. Tazama ubavuni, mwisho wa mlolongo unaoanza na DOT: nimesoma 4416. Ni wiki ya 44 ya mwaka 2016. Tairi la theluji likikaa miaka mitatu minne linaanza kukakamaa, na mwenye gari kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, analivua kwa sababu halishiki barafu tena. Vilevile ndani ya mifereji yake kuna vijiti vya mpira vya aina mbili. Vya kwanza vinajitokeza kashata ikibaki nusu, maana yake halifai tena kwa theluji. Vya pili viko chini kabisa, kwenye milimita 1.6, maana yake halifai kwa barabara yoyote. Kwenye picha ya tatu vile vya nusu vimeshalingana na kashata. Kwa hiyo ulaini wa theluji limeupoteza kwa uzee, na mwili wa tairi la lami halijawahi kuwa nao.

Tope sasa. Udongo wetu wa mfinyanzi unataka kashata kubwa zilizoachana, ili gurudumu likizunguka litupe udongo nje. Chale za wembe zinajaa kwa mzunguko mmoja, halafu una mpira laini uliopakwa udongo, umekuwa kama tofali bichi. Matairi ya kashata kubwa ya kweli yapo, lakini hayo ni ya Land Cruiser. Usiyatafute kwa Vitz, yatakula mafuta na kukupigia kelele njia nzima, na wewe sehemu kubwa ya njia yako ni lami. Kile kipande cha tope cha mwisho, cha kuingia nyumbani kwa wazazi, dawa yake ni kashata zenye kina cha kutosha, gia ya pili, mguu mwepesi, na kukubali mara mojamoja kuliacha gari barabarani ukatembea.

Rimu ndizo zilizonitia hofu zaidi. Piga hesabu nami. Tairi lako la sasa lina ubavu wa milimita 115 na nusu, ndiyo asilimia 70 ya 165. Lile la 185/55 lina ubavu wa milimita 102 hivi. Kwa urefu wa gurudumu zima yanakaribiana, milimita 587 kwa 585, kwa hiyo mshale wa spidi hautakudanganya. Lakini umepoteza karibu sentimita moja na nusu ya mto unaopokea mashimo. Rimu ya chuma ya inchi 14 ikigonga shimo inapinda, fundi anainyoosha kwa nyundo, unaendelea na safari. Rimu ya spoti inapata ufa, na ufa huo mara nyingi unauona upepo ukiwa umeshatoka.

Kuna na tundu la katikati. Kitovu cha Vitz kina kipenyo cha milimita 54.1, na boliti nne kwenye duara la milimita 100. Rimu nyingi za spoti huchongwa tundu pana zaidi ili ziingie magari mengi. Bila pete ya kujazia gurudumu halikai katikati sawasawa, na ukifika kilomita 80 kwa saa usukani unaanza kutetemeka. Utaambiwa ni balansi, utabalansi mara tatu, utabadilisha bushi, hela inakwenda. Na kama rimu imechomoza nje kuliko ya asili, beringi ndiyo itakayolia.

Nunua haya: matairi manne mapya ya kawaida ya lami, 165/70R14 kama yalivyo, au 175/65R14 ukiyakosa (kipenyo chake ni milimita 583, tofauti ndogo). Namba ya uzito iwe 81 au zaidi. 81 ni kilo 462 kwa kila tairi, inatosha Vitz na madumu ya mawese ya mama. Herufi ya spidi isikusumbue, hata Q ni kilomita 160, na kwenye kona za kwenda Kasulu huzihitaji. Hela ikitosha mawili tu, weka mazima nyuma ingawa gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Najua mafundi wenzangu wengi watabisha. Mimi nimeona magari yanayogeuka mgongo kwenye mvua, na karibu yote yalikuwa na kipara nyuma.

Upepo soma kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kwa mkono wa kijana wa kujaza upepo. Nati fundi akikaza kwa spana yenye kipimo, ni newton-mita (Nm) 103, na ukitoka uzirudie baada ya kilomita mia moja hivi.

Ukiwa hapo hapo, fungua buti ulitazame tairi la spea. Kama ni lile jembamba la muda, linataka upepo wa PSI 60, karibu mara mbili ya mengine, na mwendo wake hauzidi kilomita 80 kwa saa. La kwako nadhani halijaguswa tangu Japani.