Kilo 15 kwa wiki 6: hesabu inakataa

Swali: Nina miaka 34, urefu sentimita 160, uzito kilo 82. Harusi ya mdogo wangu imebakiza wiki 6, nami nataka kupunguza kilo 15. Binamu yangu alipunguza kilo 4 kwa wiki moja kwa kunywa supu tu. Nimfuate?
*Msomaji wa Kadutu, Bukavu*

Jibu: Mama, chukua kalamu kwanza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kilokalori 7,700. Kilo 15 ni 115,500. Gawa kwa siku 42, unapata 2,750 kwa siku. Mwili wako, kwa kazi za kawaida za nyumbani, unatumia 2,100 hivi. Hata ukikaa bila kula kabisa, hufiki.

Zile kilo 4 za binamu nyingi ni maji. Wanga uliowekwa akiba kwenye ini na misuli hushika maji karibu mara tatu ya uzito wake. Ukiacha bukari (ugali) vinatoka pamoja, ukiirudia, vinarudi.

Mpaka wa juu unaovumilika ni asilimia 1 ya uzito kwa wiki, yaani gramu 800 kwako. Lakini hapo utabaki na kilokalori 1,200 tu za kula, na wachache huzimudu wiki 6. Lenga nusu kilo: upunguze 550 kwa siku, utoe kilo 3 hivi. Toa vijiko viwili vikubwa vya mawese kwenye sombe (kisamvu): ni karibu 240. Toa na gramu 90 za unga wa muhogo wa bukari: ni karibu 310, jumla 550. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka chupani, maana ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Maharage na sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) usipunguze, la sivyo mwili utakula misuli. Sambaza zipikwe kwa nyanya. Zikikaangwa, mafuta uliyoyatoa kwenye sombe yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Jipime kila asubuhi baada ya kwenda msalani, ulinganishe wastani wa siku 7, si siku na siku. Ukishuka zaidi ya kilo moja na nusu kila wiki, hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo inapanda. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, kuzimia au hedhi kukatika: acha, nenda kwa daktari. Ukiwa na mimba, unanyonyesha au unatumia dawa za kisukari, muone kabla ya kuanza.

Na kikwembe (kitenge) cha harusi, fundi akupime wiki ya mwisho.