Msimamizi wa mayatima anatuhumiwa: tuchape au tusitiri?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Sisi ni vijana wanne hapa Wete, Pemba. Tunatoa jarida dogo la Kiislamu la kurasa nane kila mwezi, tunaliuza nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa. Tumeletewa makala inayosema msimamizi wa michango ya mayatima katika mtaa mmoja anaila fedha ile. Hoja ya mwandishi ni kuwa bwana huyo amenunua vespa mpya, anaezeka nyumba, na mayatima mwaka huu hawakupata sare za skuli. Wazee wametujia wakatwambia tuiwache, kwani anayemsitiri Muislamu Mwenyezi Mungu atamsitiri. Msimamizi huyo ni ami yake mwenzetu mmoja. Jengine, tulialikwa kuandika khabari ya ufunguzi wa duka, tukapewa bahasha ya shilingi elfu ishirini, wakasema ni ya nauli. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nimefurahi sana, vijana wangu, kuwa mmeuliza kabla ya kuchapa. Wengi huja kwangu karatasi ikishafika sokoni na kufungiwa karanga.

Tuiangalie makala yenyewe. Mwandishi wenu ameona vitu vitatu: vespa, mabati, na watoto wasio na sare. La nne, kwamba fedha imeliwa, hakuliona. Amelikisia, kisha akaliandika kwa wino ule ule alioandikia yale matatu.

Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tukijiwa na khabari na fasiki tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tukabaki tunajuta. Wafasiri wengi wanasema iliteremka katika kisa cha al-Walid bin Uqba, aliyetumwa na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kukusanya zaka kwa kabila la Banu Mustaliq. Watu wale walitoka kumpokea. Yeye alipouona umati akaingiwa na khofu, akageuka njiani, akarudi Madina na khabari kuwa wamekataa kutoa zaka na wametaka kumuua. Umati ulikuwepo kweli, macho yake hayakumdanganya. Vita ndivyo alivyoviongeza mwenyewe. Na lau si uchunguzi, damu ingemwagika kwa khabari ya mtu aliyeona nusu na akaimalizia nusu ya pili kichwani.

Hili silisemi kwa kulisoma tu. Nilipokuwa kijana Chake Chake, tukitoa karatasi ya kurasa mbili, tunaipiga taipu na kutoa nakala kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Siku moja mtu muaminifu, wallahi namjua kuwa ni muaminifu, alikuja akasema amemuona ng'ombe wa mchinjaji mmoja ameanguka njiani, hajiwezi, na asubuhi ile ile nyama imetundikwa bandani. Tukaandika ukurasa wa mbele kuwa mtaani panauzwa kibudu. Hatukumtaja jina, lakini banda la nyama mtaa ule lilikuwa moja. Siku ya pili yake nilipita, nikaikuta nyama yote iko kwenye kulabu na nzi, na yeye amekaa na kisu mapajani, hana wa kumuuzia. Baadaye walijitokeza watu wawili waliokuwepo: ng'ombe aliwahiwa akiwa hai, akachinjwa kwa bismillahi. Sisi hatukuwa tumemuuliza mtu hata mmoja aliyekuwepo pale. Tukaandika masahihisho, mistari miwili, nyuma, chini ya tangazo la darsa. Nikampelekea kwa mkono wangu. Akaisoma, akaigeuza karatasi mbele na nyuma, akaniuliza, "Maalim, mbona kosa langu lilikuwa mbele na kosa lenu liko nyuma?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kwa hiyo makala ile kama ilivyo haifai kuchapwa. Mtume amesema, katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kuwa yatosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila alilolisikia. Hakusema kila alilolitunga.

Lakini wazee wenu nao sikubaliani nao. Hadithi ya kusitiri ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim. Inamkusudia mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake, kosa ambalo likifichwa halimdhuru mwengine. Mali ya yatima ina mwenyewe. Aibu ya mlevi aliyelala chumbani kwake unaweza kuifunika kwa shuka, lakini mtoto asiye na sare utamfunika kwa shuka gani? Huku kwetu tuna jambo tunaloliita muhali: huyu ni ndugu, yule ni jirani, tutaonana vipi msibani. Muhali ndio umezika kesi ngapi za udhalilishaji wa watoto visiwani hapa, kila mtu akajua na hakuna aliyesema, na mara nyingi ukavishwa kanzu ukaitwa sitara. Sitara si muhali. Imamu Nawawi, katika kitabu chake Riyadhus Salihin, ametaja mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa baya lake, na la kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko yake kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Kuwatahadharisha Waislamu na shari pia limo katika hayo sita.

Na msidhani kuwa kwa vile jarida lenu linaitwa la Kiislamu basi kazi yake ni kuwakinga Waislamu. Someni Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105. Wafasiri wanaeleza kuwa mtu katika jamaa za Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, aliiba deraa, vazi la chuma la vitani, kisha yeye na jamaa zake wakamtupia Yahudi asiye na hatia. Jamaa wakaja kwa Mtume kumtetea mtu wao. Zikateremka aya kumsafisha Yahudi yule, na Mtume akaambiwa asiwe mtetezi wa wafanyao khiyana. Qur'ani inayosomwa mpaka leo imembebea haki mtu asiye wa dini yetu dhidi ya mtu aliyekuwa akisali nasi safu moja. Mhariri anayeficha khiyana kwa sababu aliyeifanya ana kofia na tasbihi ameshika njia ya wale jamaa.

Sasa njia ya kufuata. Sura hiyo hiyo ya Nisaa, aya ya 6, inamwambia msimamizi wa yatima kuwa anapowakabidhi mali yao aweke mashahidi. Basi kumuomba daftari la michango si kumtuhumu, ni kumuuliza kile ambacho Qur'ani imeshamtaka awe nacho. Muulizeni kimeingia kiasi gani, kimetoka kupewa nani, nani alishuhudia. Waulizeni waliochangia, na waulizeni walezi wa watoto. Huenda vespa imetokana na karafuu zake msimu uliopita, na sare hazikutoka kwa kuwa mwaka huu hakuna aliyechangia. Huenda pia tuhuma ni ya kweli. Ikiwa daftari lipo na hesabu inakaa sawa, makala imekufa, na mwandishi aambiwe hivyo uso kwa uso. Ikiwa halipo, au lipo na linapingana na walezi, kwanza lifikisheni kwa kamati ya msikiti, kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, au kwa ofisi ya Wakfu na Mali ya Amana, kwani hao wana mkono wa kurejesha mali na nyinyi hamna. Likipuuzwa huko, andikeni mlilolithibitisha tu, na jibu lake mlitie kwa maneno yake mwenyewe, ndani ya habari ile ile, si mwezi unaofuata.

Hata hapo, jina lake si lazima. Mtume alimtuma Ibnul Lutbiyya kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi akasema, hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari, akamsifu Mwenyezi Mungu, akauliza ana nini mtumishi tunayemtuma, akija anasema hii yenu na hii yangu; mbona asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake akatazama kama ataletewa zawadi au la? Tendo likatangazwa mbele ya watu wote, jina halikutajwa mimbarini. Kama madhara yanaondoka kwa kutaja tendo, jina liacheni. Kama watu wataendelea kumpa michango kwa kutomjua, hapo jina linakuwa sehemu ya tahadhari, na si kumkomoa. Majina ya mayatima na picha zao, hapana kabisa, hata walezi wakikubali. Mtoto atakua, atakwenda skuli, na karatasi itakuwa bado ipo kwenye saraka ya mtu.

Hadithi ile ile ndiyo jibu la bahasha yenu. Mngelikaa kwa wazazi wenu, mwenye duka angelikuleteeni elfu ishirini? Nauli ya kutoka hapo mlipo hadi dukani mnaijua. Irudisheni, kwa adabu na shukrani. Akitaka kulitangaza duka lake na alipie tangazo, liandikwe juu yake kuwa ni tangazo, msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Na hayo matangazo nayo myapime: msichukue ya mikopo ya riba, wala ya dawa ya asili inayodai kutibu kila maradhi eti kwa sababu imesomewa.

Jengine dogo, hamkuliuliza, lakini nimeliona katika toleo mlilonipelekea. Mmeandika "tafuteni elimu hata Uchina" mkaiita hadithi ya Mtume. Ibnul Jawzi, mwanachuoni wa hadithi, ameitia katika hadithi za kuzuliwa. Kumzulia mchinjaji kulinitosha kunikosesha usingizi, sembuse kumzulia Mtume. Na aya za Qur'ani kwa Kiarabu zipunguzeni, wekeni maana kwa Kiswahili na mtaje sura na aya, maana mnajua karatasi zenu zinaishia wapi.

Mkikosea, na mtakosea, masahihisho yakae pale pale lilipokaa kosa na kwa herufi zile zile. Suratul Baqara aya ya 160, iliyokuja kwa wale wanaoficha ilimu, imetaja toba, na kutengeneza, na kubainisha. Aliyeudanganya umma hadharani haubainishii sirini.

Makala ya msimamizi isitoke toleo hili. Nendeni wawili nyumbani kwake baada ya Laasiri, si usiku wala kwa simu, mkae naye barazani, mumuombe daftari. Mwenzenu ambaye yule bwana ni ami yake asiwe katika hao wawili, na makala hiyo asiihariri yeye.

Wallahu aalam.