Faida kubwa ya mwaka mmoja haitoshi

Ndugu, umeuliza kama faida kubwa ya mwaka jana inathibitisha uimara wa kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Uganda. Haithibitishi. Kwanza tafuta faida inatoka wapi na itadumu hadi lini. Tazama kampuni ya Umeme: mkataba wake wa kusambaza umeme nchini Uganda ulikuwa wa miaka 20, ukaisha Machi 2025, kazi ikarudi kwa UEDCL, kampuni ya umeme ya serikali. Aliyeangalia gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa) tu bila tarehe ya mkataba alinunua asichokijua, na hilo linaniuma sana.

Kisha soma ripoti za miaka mitano, ulinganishe faida na fedha taslimu zilizoingia kweli. Kampuni ya simu ya MTN isome pamoja na mshindani wake Airtel. Wanagombea wateja walewale. Pesa za karo usiziguse kununulia hisa. Kabla ya kununua, muone dalali wa hisa mwenye leseni.