Je, Sarafu Ndogo Ziondolewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, sarafu za thamani ndogo zikiondolewa, wafanyabiashara hawatapandisha bei kwa kisingizio cha kukosa chenji?

JIBU: Hofu yako ina msingi, ndugu msomaji, lakini naunga mkono kuziondoa pale gharama ya kuzitengeneza inapozidi thamani yake. Katika mwaka wa fedha wa 2024, sarafu ya senti 1 ya Marekani iliigharimu serikali zaidi ya senti 3. Kanada iliacha kusambaza sarafu kama hiyo mwaka 2013, na tangu hapo jumla ya malipo ya taslimu hukadiriwa hadi senti 5 zilizo karibu: inayoishia na senti 2 hushuka hadi sifuri, inayoishia na 3 hupanda hadi 5, ilhali anayelipa kwa kadi hutozwa kiasi kamili. Jambo la kusimamiwa kwa ukali ni kwamba kinachokadiriwa ni jumla ya mwisho, wala si bei ya kila bidhaa. Ninayemhofia hasa ni mnyonge anunuaye kitu kimoja kimoja kwa taslimu, kwani kila ununuzi wake hukadiriwa peke yake, na muuzaji mjanja anaweza kupanga bei ziishie pale panapomfaa.