Ukitaka kuwaona wanakondoo wa majira ya machipuko, kaa chini

Nimekulia Mbulu, ambako kondoo ni wa kila siku: mkia mnene, manyoya mafupi, anazaa mwezi wowote. Kwa hiyo rafiki zangu wa Manchester waliponiita twende Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kutazama wanakondoo, nilikwenda kwa kuwaridhisha tu. Huu ni mwaka wa nne, na siku hizi mimi ndiye ninayewaita.

Nenda kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei. Mimba ya kondoo ni karibu miezi mitano, na wafugaji wa milimani hawawaachii madume mpaka Novemba, ili watoto wazaliwe nyasi zikianza kuota. Panda treni hadi Windermere, kisha basi uelekee bonde la Langdale.

Huko utawakuta Herdwick, aina ya kondoo wa milima hiyo. Mama ana uso mweupe na sufu ya kijivu. Mtoto anazaliwa mweusi kama masizi ya sufuria, na weupe unamjia kidogo kidogo kadiri anavyokua. Mara ya kwanza nilidhani wamechanganyikana na wa jirani!

Nilikosea pia kwa kumfuata mmoja nimpige picha. Mama yake akapiga guu chini, wote wakatimka. Mzee mmoja mfugaji, akiwa ng'ambo ya ukuta wa mawe, akaniambia nikae kwenye njia, nitulie. Nilikaa. Haikufika nusu saa wakaanza kurudi, na hapo ndipo nikaona: mtoto anapiga kiwele kwa kichwa, mkia unatikisika bila kusimama, mama anamnusa mkiani kuhakikisha ni wake, huku akimwitia kwa sauti nzito ya chini kabisa ambayo ukiwa mbali huisikii. Jioni ndiyo tamu zaidi. Watoto wanajikusanya kundi zima na kushindana mbio kando ya ukuta, wakirukaruka miguu yote minne hewani.

Mzee yule alinieleza kwamba kule juu mlimani hakuna uzio. Mtoto anajifunza mipaka ya malisho kwa kumfuata mama yake, naye akizaa atamfundisha wake. Nilimtazama yule mweusi mdogo kwa heshima mpya.

Ukimwona mwanakondoo amelala peke yake, usimbebe; mara nyingi mama yuko karibu anakula. Akiwa amenasa, mtafute mwenye shamba. Mbwa afungwe kamba. Dada mjamzito, tafadhali usiwakaribie kabisa msimu huu: kondoo wanaozaa wanaweza kubeba vijidudu vya kuharibu mimba, na hata nguo za aliyewashika zinaweza kuvileta nyumbani. Wengine tunaowagusa, tunawe kwa sabuni kabla ya kula.

Na beba kitu cha kukalia kisichopitisha maji. Ardhi ya Aprili huko imelowa, na ukilowa makalio utaondoka kabla ya mbio za jioni.