Kadi ya kliniki haiulizi mtoto anacheza na nani

Swali la wiki lilikuwa hili: "Watoto wawili wanaingia darasa la kwanza siku moja, mmoja ametoka familia maskini, mwenzake familia yenye uwezo. Je, wanaanza sawa?"

Mhariri, jibu fupi ni hapana, na nadhani hata aliyelitunga swali alilijua. Kilichonifanya nishike kalamu ni jibu refu, maana najua wasomaji wengi watakimbilia chakula: mtoto ashibe, mengine yatajipa. Mimi ni mwalimu wa watoto wa awali, na chakula sikidharau hata kidogo. Ila naamini umaskini humnyang'anya mtoto kitu kingine kisichopakuliwa kwenye sahani, nacho ni mtu mzima mwenye nafasi ya kukaa naye.

Hata hivyo chakula kipewe haki yake. Mtoto anapozaliwa ubongo wake una uzito wa takribani robo tu ya ubongo wa mtu mzima, na akifika miaka 2 umeshakaribia robo tatu au kuzidi hapo. Ujenzi wa kasi hiyo unataka nguvu, protini, madini ya chuma, madini joto na zinki, na hauna subira. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wanasisitiza siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka 2. Mama mwenye upungufu wa damu humzaa mtoto mwenye akiba ndogo ya madini ya chuma. Baada ya miezi 6 maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena, na kwenye nyumba isiyo na kitu nyongeza inayopatikana ni wanga mtupu. Tumbo linajaa, mtoto analala, na hakuna anayeshtuka.

Huko Guatemala, kati ya mwaka 1969 na 1977, watoto wa vijiji viwili walipewa kinywaji chenye protini na nguvu nyingi, na wa vijiji vingine viwili wakapewa kinywaji chepesi kisicho na protini. Watafiti waliwafuata hadi utu uzima. Wanaume waliokipata kile kizito kabla ya kutimiza miaka 3 walikuwa wakilipwa zaidi kwa saa. Walioanza kukinywa baada ya umri huo hawakuonyesha faida hiyo. Kwa hiyo anayesema lishe ni jambo dogo hajui asemalo.

Tatizo la udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe bora muda mrefu, ni kwamba macho hayauoni. Mtoto aliyekonda anaonekana, ila aliyedumaa anaonekana mtoto wa kawaida, mdogo kidogo, hasa pale ambapo wenzake wote wa mtaani wana kimo kama chake. Inabidi alazwe chali kwenye ubao wa kupimia, mtu mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti na kusukuma kibao hadi kiguse nyayo, na mtoto muda wote anapiga mateke na kulia. Namba inaandikwa. Makadirio ya UNICEF, WHO na Benki ya Dunia yalionyesha watoto wapatao milioni 148 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa mwaka 2022. Kisha mama anaulizwa swali moja: anakula nini? Sijawahi kuona kadi yenye nafasi ya kuandika mtoto anacheza na nani, au nani hubaki naye mchana.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chukua mtoto wa mwaka mmoja aliyepungukiwa madini ya chuma. Hana makeke. Anajibanza kwa mama, hachungulii, havuti vitu, hacheki sana. Mama aliyechoka humsifu kwa hilo, "mwanangu mpole, hanisumbui", na kwa kuwa hasumbui, anaachwa. Mtoto asiyedai kusemeshwa hasemeshwi, na asiyesemeshwa anazidi kunyamaza. Utafiti wa muda mrefu uliofanywa Costa Rica ulifuatilia watoto waliokuwa na upungufu mkubwa wa madini hayo utotoni, wakatibiwa, wakafuatwa hadi miaka 19. Waliokulia kwenye familia za hali ya kati walibaki nyuma kiakili ya wenzao wasiopungukiwa, lakini pengo halikuongezeka. Kwa waliotoka familia maskini pengo lilizidi kupanuka mwaka hadi mwaka. Upungufu ulikuwa uleule, na wote walitibiwa. Hawakurudi kwenye nyumba zinazofanana.

Ushahidi unaonishawishi zaidi umetoka Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti, akiwemo Sally Grantham-McGregor, walichagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa makundi manne. Kundi moja lilipewa maziwa ya unga kila wiki, la pili lilitembelewa nyumbani, la tatu likapata vyote viwili, la nne halikupata lolote kati ya hayo. Ziara ilikuwa ya saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu alifika na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani, akacheza na mtoto huku mama akishiriki, akamwonyesha jinsi ya kutaja vitu, kuuliza, kumsifu mtoto anapojaribu. Akiondoka aliviacha, wiki ijayo akaleta vingine.

Mwanzoni maziwa yalisaidia na ziara zilisaidia. Miaka ilivyopita, faida ya maziwa kwenye akili ilififia, ya ziara ikabaki. Walipofika miaka 22 hivi, waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia vijana wa jirani ambao hawakudumaa kabisa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Watoto 129 si wengi, nakubali, na si kila nchi iliyoiga mpango huo imepata matokeo makubwa namna hiyo. Lakini kwa mwalimu anayesikia kila mwaka mtoto akiitwa mzito wa kuelewa akiwa na miaka 6, hiyo ni habari ya kushika.

Sasa usidhani namlaumu mzazi. Tunayo methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wenye uwezo huipenda sana. Mama anayetoka alfajiri kutafuta kibarua na kurudi usiku akiwa na maji ya kuteka na nguo za kufua anajua kabisa kuzungumza na mwanawe. Hana saa ya kufanya hivyo. Mchana mtoto analelewa na dada yake wa miaka 8, ambaye naye anakosa shule, kwa hiyo tunapoteza wawili. Ongeza sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo huwapata zaidi akina mama wenye shida na mara chache sana hupimwa, na ongeza ugomvi wa ndani unaoletwa na madeni. Nyumba kama hiyo ina watu ndani, ila mtoto yuko peke yake.

Kuhusu vyoo na maji, maana magonjwa ya uchafu nayo hutajwa kuwa chanzo cha udumavu, nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengi wataandika. Majaribio makubwa yaliyofanyika Kenya, Bangladesh na Zimbabwe, matokeo yake yakatoka mwaka 2018 na 2019, yalionyesha kuwa kuzipa familia vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono hakukuwaongezea watoto kimo. Choo kimoja hakiwezi kushindana na uchafu wa eneo zima. Si sababu ya kuacha kujenga vyoo. Ni sababu ya kuacha kuahidi kwamba kitu kimoja cha bei nafuu kitamaliza kazi.

Ningeulizwa nianzie wapi, ningesema zipelekwe fedha moja kwa moja kwa mama mjamzito, ili apunguze vibarua na ale vizuri, na mhudumu wa afya anayempima mtoto aongezewe kazi ya kukaa chini na kucheza naye mbele ya mama. Wale waliotembelea nyumba za Kingston hawakuwa madaktari wala wenye shahada. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo mafupi, wakasimamiwa vizuri na kulipwa mshahara. Hapo kwenye mshahara ndipo mipango mingi ya namna hii inapofia: wahudumu wanaitwa wa kujitolea, wanapewa fulana na begi, na baada ya miezi michache nao wanaenda kutafuta vibarua.